Familia Ugenini: Mwongozo wa Kwenda kwa Mwendo Mmoja

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayezungumza Kiswahili ambaye amehamia Ulaya au Amerika ya Kaskazini na watoto, au yuko njiani kuhamia. Huenda umetoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma baada ya miaka mingi ya kungoja. Huenda umetoka Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura kwa ajili ya kazi, masomo au ndoa. Aliyekimbia vita hana mzigo sawa na aliyepanda ndege kwa hiari, lakini wote wawili watakutana na jambo moja ambalo mafunzo ya kabla ya safari huligusia kwa juu tu. Kinachoivuruga familia ugenini mara nyingi si utamaduni mpya wenyewe, ni tofauti ya mwendo kati ya watu wa nyumba moja. Mtoto anakimbia, mzazi anatembea, na bibi waliyekuja naye amekaa. Pengo hilo hupunguzwa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja: mzazi aongeze mwendo wa kuijua nchi mpya, na mtoto aendelee kushikamana na lugha na mila za kwao. Ukishughulikia upande mmoja tu, pengo litabaki palepale.

ELEWA KWANZA: KWA NINI MWENDO HUTOFAUTIANA

Mwaka 1954, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alitoa mhadhara Rio de Janeiro kuhusu hali aliyoiita mshtuko wa utamaduni. Alieleza kwamba mgeni hupatwa na wasiwasi kwa sababu amepoteza alama ndogondogo zinazomwongoza mtu kila siku bila kufikiri: lini kutoa mkono, lini kukubali mwaliko, lini neno la mwenyeji ni la kweli na lini ni la adabu tu. Mwaka uliofuata Sverre Lysgaard, aliyewachunguza Wanorwe waliokwenda kusoma Marekani, alisema kwamba mgeni huanza na furaha, kisha hushuka, halafu huinuka tena. Maelezo hayo yameenea sana, lakini tafiti za baadaye za Colleen Ward na wenzake ziliona kwamba kwa wengi kipindi kigumu kabisa ni cha mwanzo. Kwa hiyo usijilaumu ukiona furaha ya kufika haikuja, wala usidhani una kasoro kwa sababu jirani mliyefika naye anaonekana amezoea. Hakuna ratiba moja ya kuzoea.

Ndani ya nyumba, ratiba hizo hutofautiana zaidi. Mtoto anashinda shuleni, akisikia lugha mpya kutoka kwa walimu na wenzake, na asipoielewa anachekwa. Ana kila sababu ya kuishika haraka. Mzazi, mara nyingi, anapata kazi ya zamu katika kiwanda cha nyama, ghala au usafi wa majengo, mahali ambapo mashine zinapiga kelele na wenzake ni wahamiaji kama yeye. Anaweza kufanya kazi miaka mitano akitumia maneno yaleyale machache. Wanasosiolojia Alejandro Portes na Rubén Rumbaut, waliowafuatilia watoto zaidi ya 5,000 wa wahamiaji katika maeneo ya Miami na San Diego kuanzia mwaka 1992, walieleza matokeo yake. Pale mtoto anapoishika haraka lugha ya nchi na kuiacha ya nyumbani, huku mzazi akibaki nyuma, mamlaka hugeuka juu chini: mtoto ndiye anayesoma barua, ndiye anayejua kanuni, ndiye anayeamua mzazi ajue nini. Pale wazazi walipojifunza na watoto wakabaki na lugha zote mbili, ndipo familia ilipobaki na sauti yake.

Mwanasaikolojia John Berry alizigawa njia za wahamiaji katika nne: kushika vyote viwili, cha kwao na cha wenyeji; kuacha cha kwao na kuwa kama wenyeji; kujifungia katika cha kwao; na kubaki bila kimoja wala kingine. Utafiti ambao yeye na wenzake walichapisha mwaka 2006 kuhusu vijana wa wahamiaji katika nchi 13 uliona kwamba waliokuwa na hali nzuri zaidi kwa jumla ni walioshika vyote viwili. Tahadhari moja inahitajika. Uchambuzi wa Kinga Bierwiaczonek na Jonas Kunst wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba uhusiano huo ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, hasa watu wanapofuatiliwa kwa muda. Maana yake kwako ni kwamba kushika vyote viwili si dawa ya kila kitu. Kibali cha kuishi, kazi, ubaguzi na kodi ya nyumba vina nguvu zake, na vingi haviko mikononi mwako. Pengo la mwendo nyumbani kwako, kwa sehemu kubwa, limo mikononi mwako.

KISANDUKU CHA 1: DALILI KWAMBA PENGO LINAPANUKA

- Mtoto anakujibu kwa lugha ya shule hata unapomsemesha kwa Kiswahili.
- Humjui mwalimu wake kwa jina wala kwa sura.
- Barua za shule, benki au hospitali hupitia kwa mtoto kabla ya kukufikia.
- Mtoto anaepuka kuzungumza na babu au bibi kwenye simu.
- Ugomvi wa nyumbani huishia na maneno "hapa si Afrika" au "wewe si mzungu".
- Unaogopa kumkanya mtoto kwa sababu ametishia kuita polisi.

Ukiona dalili mbili au tatu, usingoje. Anza na hatua zifuatazo kwa mpangilio wake. Ya kwanza haina gharama.

HATUA SABA

1. Pimeni pengo pamoja. Familia nyingi hugombana kuhusu adabu wakati tatizo lenyewe ni nani anajua nini. Chagueni jioni moja ambayo wote mpo. Chukueni karatasi, na kila mtu aseme mambo matatu: lugha anazoweza kuzungumza na kuandika, shughuli anazozifanya peke yake katika nchi hii, na shughuli anazomtegemea mwenzake. Waanze watu wazima, ili mtoto asione ni mtihani wake. Hapo itaonekana wazi, kwa mfano, kwamba kijana wa miaka 13 ndiye anayejua tarehe ya kulipa umeme, na kwamba mama hajawahi kupanda basi peke yake. Orodha hiyo ndiyo mpango wenu wa miezi mitatu.

2. Mzazi aingie darasani. Hatua hii ndiyo inayoahirishwa zaidi, kwa sababu mzazi hujihesabu wa mwisho. Lakini kila neno unalojifunza linamwondolea mtoto kazi isiyo yake. Maktaba za umma, makanisa, misikiti na vyuo vya jamii katika miji mingi hutoa madarasa ya lugha bila malipo au kwa bei ndogo, mengine usiku na mengine kwa simu. Nchini Ujerumani na Norwe, kwa mfano, madarasa hayo ni sehemu ya mpango rasmi wa serikali kwa wakimbizi waliokubaliwa. Kama huwezi kwenda kila siku, chagua eneo moja la maisha, ama shule ama hospitali ama benki, na ujifunze maneno ya eneo hilo kwanza. Kwa wakimbizi wanaopokelewa Marekani, huduma za mwanzo za mapokezi ni za muda mfupi tu, nazo hupita upesi. Muulize mapema anayeshughulikia faili lako jinsi ya kujiandikisha darasani.

3. Mwondoe mtoto katika ukalimani wa mambo mazito. Mtoto kukusomea bei dukani si kosa. Kosa ni mtoto kumtafsiria daktari maumivu ya uzazi ya mama yake, au kutafsiri kikao cha shule kinachomhusu yeye mwenyewe. Anabeba siri nzito kuliko umri wake, anaweza kukosea kwa kutojua istilahi, na anaweza kuficha. Nchini Marekani, kanuni zilizotokana na sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010 zinazuia hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto kuwa mkalimani, isipokuwa kwa dharura. Jifunze sentensi moja katika lugha ya nchi uliyopo: "Naomba mkalimani wa Kiswahili." Iseme unapopanga miadi, usingoje siku yenyewe. Kama Kiswahili chako ni cha Kivu au Lubumbashi na mkalimani anatumia Kiswahili cha pwani usichokielewa vizuri, sema hivyo bila aibu, uombe mwingine.

4. Kipe Kiswahili saa na kazi. Mwaka 1991 mtafiti Lily Wong Fillmore alichapisha uchunguzi wa zaidi ya familia elfu moja nchini Marekani, akaonya kwamba watoto wanaoingizwa mapema katika shule za Kiingereza pekee huipoteza lugha ya nyumbani, na kwamba wazazi nao hupoteza njia ya kuwafundisha maadili, kuwafariji na kuwashauri. Kuiombea lugha haitoshi. Lugha hubaki pale inapokuwa na kazi. Amueni: chakula cha jioni ni kwa Kiswahili, simu kwa ndugu ni kwa Kiswahili, sala ni kwa Kiswahili. Mwachie mtoto mdogo wimbo na hadithi, na kijana umpe kazi ya kweli, kama kupanga harusi ya binamu kwa simu au kumfundisha shangazi kutumia programu ya benki. Mtoto akichanganya lugha, irudie sentensi yake kwa Kiswahili sahihi kisha mwendelee kuzungumza. Usimcheke wala usimkatize. Familia nyingi za Kivu zina pia Kibembe au Kifuliiru. Kama nguvu hazitoshi kwa lugha zote, kaeni mwamue ipi itapewa saa, kuliko kuziacha zote zife polepole.

5. Zigaweni mila katika mafungu matatu. Mzazi anayetaka kuhifadhi kila kitu huishia kupigania kila kitu, na mtoto hawezi kutofautisha jambo la msingi na la kawaida. Chukueni karatasi nyingine. Fungu la kwanza ni yasiyojadiliwa: kwa familia moja ni imani na kuheshimu wakubwa, kwa nyingine ni kutotupa ndugu. Fungu la pili ni yanayobaki lakini yanabadilishwa namna ya kufanywa. Fungu la tatu ni yanayoachwa. Fungu la pili ndilo lenye kazi kubwa. Mfano mmoja: mtoto aliyelelewa vizuri kwetu huinamisha macho mbele ya mkubwa, lakini mwalimu wa Ohio au Manchester anaweza kudhani anaficha jambo. Usimwambie mtoto aache heshima. Mwambie kwamba heshima ina sura mbili, moja ya nyumbani na moja ya shuleni, na umfundishe zote. Mfano mwingine ni malezi ya fimbo. Sweden ilipiga marufuku kumpiga mtoto mwaka 1979, Ujerumani mwaka 2000, na nchi nyingine nyingi za Ulaya zimefuata. Marekani sheria zinatofautiana kati ya jimbo na jimbo, lakini walimu na madaktari wanalazimika kuripoti dalili za kuumizwa. Adabu ibaki katika fungu la kwanza, fimbo iende la tatu, na adhabu mpya mkubaliane mapema: kunyang'anywa simu, kazi za ziada, kutotoka wikendi.

6. Panga uhusiano na nyumbani. Wengi hubeba huzuni wasiyoweza kuieleza: mama yu hai lakini hayupo, kijiji kipo lakini hakifikiki. Mwanasaikolojia Pauline Boss, aliyeanza kwa kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea katika vita vya Vietnam, alionyesha kwamba hasara isiyo na mwisho unaojulikana huumiza kwa namna yake, kwa sababu hakuna siku ya kuikubali. Ni msiba usio na matanga. Basi jengeni nafasi ya kuuomboleza: msomeeni marehemu dua au ibada hata kama mazishi yamefanyika mbali, watajeni kwa majina walioachwa nyuma, waelezeni watoto walikotoka bila kuficha na bila kuwatisha. Kwa simu, wekeni siku na saa. Saa tatu usiku Mombasa ni saa saba au nane mchana New York kutegemea msimu. Jumapili inafaa wote. Kwa pesa, amua kiasi cha mwezi pamoja na akiba ndogo ya dharura, na uwaeleze ndugu ukweli wa kodi na bili. Kama wewe ni mkimbizi uliyepelekwa Marekani kwa mkopo wa nauli, waambie pia kwamba unaulipa. Mwenye kutuma bila kipimo huishia kuikwepa simu, na hapo uhusiano wenyewe unakufa.

7. Tafuta watu wa pande mbili. Usikae na watu wa kwenu tu, wala usiwakimbie. Kwaya, madrasa, au kikundi cha kuweka akiba pamoja, kiitwe chama, kikoba au likelemba, hukupa watu wanaokuelewa bila maelezo, na humwonyesha mtoto kwamba Kiswahili si lugha ya mama yake peke yake. Upande wa pili, tafuta mwenyeji mmoja tu wa kuanza naye: jirani, mzazi wa rafiki wa mtoto, mtu wa kazini. Mkaribishe chakula. Sombe au pilau hufungua mazungumzo kuliko salamu za kwenye ngazi. Nenda kwenye kikao cha wazazi shuleni hata kama utaelewa nusu. Mwalimu akikuona, atakuhesabu katika maamuzi.

KISANDUKU CHA 2: MAKOSA YA KAWAIDA

- Kumtisha mtoto kwamba atarudishwa Afrika akikosea. Unaifanya nchi yake kuwa adhabu.
- Kumlinganisha na binamu aliyebaki nyumbani.
- Kuacha televisheni ifundishe lugha. Mtoto hujifunza kuzungumza kwa kuzungumzwa naye.
- Mume kujifunza lugha na mke kubaki ndani. Pengo huhamia kati ya wanandoa.
- Kudhani kijana aliyefika na miaka 15 atazoea kama aliyefika na miaka 5. Ameacha marafiki, na pengine mtaala mwingine kabisa. Aliyesoma Nyarugusu kwa mtaala wa Kikongo alikuwa akifundishwa kwa Kifaransa.

PINGAMIZI NA MAJIBU YAKE

Wapo watakaosema kwamba mwacha mila ni mtumwa, na kwamba kugawa mila kwenye karatasi ni mwanzo wa kuziacha. Wapo pia watakaojibu kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wote wanasahau kwamba mila hazikuwahi kukaa mahali pamoja. Harusi ya leo ya Dar es Salaam si ya miaka ya 1960, na hakuna anayesema watu wa Dar wamekuwa watumwa. Mila zinazopotea ugenini ni zile ambazo hakuna aliyekaa na kuamua kuzibakiza. Asiyechagua huchaguliwa na shule, simu na mtaa. Kugawa mafungu ni namna ya kuzilinda zile zilizo za msingi, kwa sababu mtoto atajua ni zipi na kwa nini.

Pingamizi la pili ni kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto darasani, na kuna hata walimu wanaowashauri wazazi watumie lugha ya shule nyumbani. Ushauri huo una nia njema lakini hauna msingi. Mtoto wa lugha mbili anaweza kuwa na maneno machache kidogo katika kila lugha akiwa mdogo, lakini ukijumlisha lugha zote mbili habaki nyuma ya wenzake. Kinachomchelewesha ni kuzungumza na mzazi anayetumia lugha asiyoimudu: mazungumzo yanakuwa mafupi, ya kuamrisha, bila hadithi wala maelezo. Mpe mtoto lugha unayoweza kufikiria na kutaniana nayo. Shule itampa nyingine.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: mwenye zamu mbili hana muda wa haya yote. Ni kweli, na si haki kumlaumu mzazi kwa uchovu wake. Ndiyo maana hatua ya kwanza inahitaji karatasi na jioni moja tu. Kama huwezi kufanya saba, fanya ya tatu na ya nne: mtoto asikalimani mambo mazito, na chakula kimoja kwa siku kiwe kwa Kiswahili. Hizo mbili peke yake hugusa pengo kutoka pande zote mbili.

TAHADHARI: LINI UTAFUTE MSAADA

Mawazo mengi, kukosa usingizi na kukumbuka nyumbani ni hali za kawaida mwanzoni. Lakini mtu akikosa hamu ya kula, kazi na watu kwa wiki mbili au zaidi, akiota vita mara kwa mara, akianza kunywa ili alale, au akisema heri afe, huo si uvivu wala udhaifu wa imani. Mwone daktari, na useme kwa maneno yako: "moyo unaniuma", "kichwa kimejaa mawazo". Eleza kwamba si maumivu ya mwili tu. Kiongozi wa dini anaweza kusaidia pamoja na daktari, si badala yake. Kwa dharura ya kutaka kujiua, nchini Marekani na Kanada piga 988. Uingereza piga 116 123. Kama kuna kupigwa nyumbani, mwathirika ana haki ya kulindwa hata kama kibali chake kinamtegemea mwenzi. Atafute ushauri wa mwanasheria wa wahamiaji kabla ya kuamini vitisho vya kurudishwa.

ORODHA YA KUKAGUA KILA MIEZI MITATU

☐ Tumeirudia karatasi ya hatua ya kwanza, na angalau jambo moja limehama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi.
☐ Kila mtu mzima ameongeza shughuli moja anayoifanya peke yake.
☐ Mtoto amezungumza na ndugu wa nyumbani kwa Kiswahili mwezi huu.
☐ Mzazi amekutana na mwalimu uso kwa uso.
☐ Hakuna mtoto aliyekalimani hospitalini au mbele ya ofisi ya uhamiaji.
☐ Mafungu matatu ya mila yamejadiliwa, na watoto wametoa maoni yao.
☐ Tumekula na familia moja ya kwetu na familia moja ya wenyeji.
☐ Tunajua nani kati yetu ana huzuni, na tumemuuliza.

Visanduku vitakavyobaki vitupu visiwe sababu ya kulaumiana. Chagueni kimoja, mtajeni wa kukisimamia, na mwandike tarehe ya kukaa tena.